Malori Mawili ya Baba Mmoja

Sebule ya nyumba ile ilikuwa na dirisha moja kubwa, na dirisha hilo lilikuwa na wenyewe wawili wasiosemeshana. Ukuta wa matofali uliojengwa mwaka mmoja baada ya baba yao kuzikwa ulianzia mlango wa nyuma, ukapita katikati ya sebule, ukaja kukomea kwenye nguzo ya katikati ya dirisha. Kioo cha kushoto kilikuwa cha kaka mtu, cha kulia cha dada mtu. Mwashi aliyeujenga alisimulia mtaa mzima kwamba ndugu wale walimsimamia kila mmoja upande wake, na kila tofali lililosogea nusu kidole huku au kule lilizua maneno mpaka akatamani arudishe kazi yao akalale.

Dada mtu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati moja ya meno, chumba chenye meza ndefu, taa ya kuvuta, ndoo ya plasta na mashine ndogo ya kusaga iliyokuwa ikilia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Mtaani walimwita Dada Meno. Hakulipenda jina hilo, na waliomwita hivyo walijua halipendi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, hakuolewa, na ulimi wake ulikuwa haumwachi mtu. Daktari wa zahanati mwenyewe alikuwa akimpelekea kazi kwa kuiweka mlangoni na kuondoka.

Kaka yake alimzidi miaka saba. Alikuwa mpaka rangi wa magari, mwenye gereji yake na vibarua watatu, mfupi wa kimo lakini wa sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Upande wake wa nyumba aliishi na mkewe na mama yao mzazi. Wifi mtu ndiye aliyekuwa posta ya nyumba ile. Bomba la maji likiziba, paa likivuja, barua ikija mlango usio wake, wifi alizunguka nje na kuja kusema: "Kaka yako anasema hivi." Naye alirudishiwa: "Kamwambie hivi."

Sasa, watu hawa wawili wasiopikika chungu kimoja walikuwa na mchezo mmoja. Wote waliunda magari madogo.

Kaka alianza kwanza. Alinunua magari ya boksi, yale yanayokuja vipande vipande vya plastiki, akayaunganisha, halafu akayapiga rangi kwa ufundi wa kazi yake: koti tano za rangi, msasa wa maji kati ya koti na koti, na mwisho kuyasugua kwa dawa ya meno mpaka yakawaka. Aliyapanga kwenye kabati la vioo lililotazama nje, kwenye nusu yake ya dirisha. Kila aliyepita alisimama kutazama. Dada alisimama pia siku moja, akitoka kazini, akayaangalia yote kumi na mawili, akasema kwa sauti ili aliyemo ndani asikie: "Hata moja halijawahi kufika barabarani."

Naye akaanza kuunda, kwa shari tu, kumtia kidole cha jicho. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea vitu vidogo kwa miaka ishirini na tano, na mchezo ukamshika. Hakununua boksi. Bodi alikata kwenye bati la makopo. Matairi aliyamimina mwenyewe kwenye kalibu alizotengeneza kwa ile dawa laini ya kuchukulia umbo la kinywa cha mgonjwa. Mabomba ya moshi yalikuwa waya wa shaba, taa zilikuwa matone ya akriliki, ile plastiki ya meno ya bandia. Na alipomaliza kuliunda gari, ndipo alipoanza kulichakaza. Aliloweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki mpaka zikatoa kutu ya kweli, akaipaka kwenye mikunjo ya bati. Alichota vumbi la barabarani, akalichekecha kwa soksi kuukuu, akalipulizia chini ya madigadi ya matairi. Tipa lake la kwanza lilipowekwa dirishani, nusu ya kulia, mtu angedhani litaacha doa la mafuta juu ya kitambaa.

Kaka aliliona. Wifi akaja. "Kaka yako anasema, kama ni takataka, jalala liko kona ile."

"Kamwambie asiyejua lori asiliseme."

Kulikuwa na chama cha watu wa mchezo huo, watu kumi na mmoja hivi, kikiongozwa na mwalimu mstaafu wa hisabati waliyemwita Mwalimu tu. Mara moja kwa mwaka Mwalimu aliazima ukumbi wa maktaba, zikatandikwa meza, watu wakaja kutazama. Ndugu wale walikuwa wanachama wote wawili. Mwalimu alijifunza upesi kuwapa meza za pembe tofauti.

Mwaka ambao mambo yalianza kuharibika, kaka alileta lori jekundu la tani saba. Lilikuwa refu kupungua kidogo rula ya shule, na liling'aa hata ukaona meno yako kwenye mlango. Dada alilitambua kutoka upande wa pili wa ukumbi. Lilikuwa lori alilokuwa akiendesha baba yao, kabla halijaharibika na yeye kuachishwa kazi. Mama yao, bibi wa miaka sabini na mitano, aliketi kwenye kiti pembeni ya meza, fimbo mapajani, na kaka mtu alikuwa akiwaeleza wageni.

"Hili ndilo lori la marehemu baba. Nimelitengeneza lilivyokuwa kabla hajaligonga. Mzee alikuwa dereva hodari. Basi tu, chupa."

"Chupa," alisema mama, akitikisa kichwa.

Dada alilirudisha tipa lake kwenye boksi, akalifunga kamba, akatoka bila kumuaga mtu. Mwalimu alimfuata mpaka ngazini. "Dada, maonyesho bado yana saa tatu."

"Nimeshaona ya kuona."

Ili hasira yake ieleweke, lazima irudiwe siku moja ya miaka thelathini na tano nyuma. Baba yao alikuwa akibeba mchanga wa ujenzi. Kaka, wakati huo kijana wa miaka ishirini, alikuwa utingo wake, na alikuwa hana leseni. Mchana ule baba alishuka kwenda kusainiwa karatasi za mzigo, na lori likabaki juu ya mteremko mfupi ulioelekea ghala. Kijana akaona amalize kazi, akaingia kwenye usukani. Lori lilimshinda. Lilishuka zimazima, likaingia kwenye ukuta wa ghala, na mlinzi aliyekuwa ameketi kivulini akavunjika mguu mahali pawili.

Binti wa miaka kumi na mitatu alikuwa akija na chakula cha baba yake. Alikuwa hatua thelathini hivi. Aliona mlango wa dereva ukifunguka na kaka yake akishuka. Aliona baba yake akija mbio, akimsukuma kijana kando, akipanda, kisha akishuka tena polepole, mbele ya watu waliokuwa wameanza kutoka ghalani, kama mtu anayeshuka kwenye gari lake mwenyewe.

Baba akamjia binti, akamshika bega. "Umemkuta nani akishuka?"

"Kaka."

"Hapana. Umenikuta mimi. Hebu sema."

"Nimekukuta wewe, baba."

Yakaisha hapo. Baba alinyang'anywa leseni na kazi. Watu walijiuliza dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini anashindwaje na mteremko wa kitoto, mchana kweupe, wakajijibu wenyewe kwamba alikuwa kalewa. Alikuwa mtu wa kunywa siku za mapumziko, kwa hiyo uongo ulipata pa kukaa. Hakukataa. Kukataa kungeleta maswali, na maswali yangemfikisha kijana wake jela. Hakumwambia mkewe ukweli, maana mkewe hakuwa mtu wa kukaa na jambo kifuani. Mama naye aliuchukua uvumi kama ulivyo. Alihamisha kitanda cha mumewe kwenye chumba cha stoo, na kwa miaka ishirini na mitatu aliyobaki hai, mzee alilala kati ya magunia ya mkaa na baiskeli mbovu, akiitwa mlevi mbele ya wageni. Mchana alibeba mizigo sokoni. Kaka alijifunza rangi, akafungua gereji, akanenepa. Siku ya mazishi kaka ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya familia. Alisema, "Baba alikuwa na udhaifu wake, sote tunaujua, tumsamehe." Dada alikuwa ameshika sufuria la maji ya kunawa. Alilitua chini, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na tangu siku ile hakumsemesha tena.

Basi alipotoka maktaba alikwenda moja kwa moja kazini, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko, akawasha taa ya meza, akachora lori.

Lilimchukua miezi minane. Alikuwa na picha moja tu, aliyoiokota chini ya godoro la marehemu siku ya kusafisha stoo: baba amesimama mbele ya lori, mkono juu ya boneti, mrefu kama nguzo ya simu. Yaliyobaki aliyatoa kichwani. Alijua kioo cha pembeni kilifungwa kwa waya. Alijua ubao wa tatu wa bodi ulikuwa mpya kuliko wenzake. Alilijenga zima kwanza, kila kitu mahali pake, kisha akalibonda. Alitengeneza kipande cha ukuta wa ghala kwa plasta ya meno, kigumu kama jiwe, akaligongesha humo pua mara nne mpaka bati likajikunja kama alivyolikumbuka, pembe ya upande wa dereva ikiwa imeingia ndani na taa ikining'inia. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri chumba cha mbele walisikia kishindo, wakaangaliana.

Cha mwisho kilikuwa kiti. Malori yale ya zamani kiti chake hakikusogezwa, kilifungwa kwa bolti. Baba, mrefu vile, alikaa mgongo ukiwa umegusa bati la nyuma. Kaka miguu haikufika kwenye klachi. Siku ile alikuwa amekunja gunia mara nne, akaliweka nyuma ya mgongo ili limsogeze mbele, na baada ya ajali gunia lile lilibaki pale kitini. Watu wazima waliokimbilia mlinzi hawakulitazama. Mtoto alilitazama.

Alikata kipande cha bandeji, akakichovya kwenye chai ya rangi, akakikausha juu ya taa, akakikunja mara nne. Kilikuwa hakizidi ukucha wa kidole gumba. Akakiingiza kwa koleo kupitia mlango wa dereva, akakiegemeza. Alijua anachofanya. Kuna watu watazamao gari dogo wakaona gari dogo tu. Mmoja kati yao asingeona hivyo, na huyo ndiye aliyemtengenezea.

Mwaka ule Mwalimu aliamua kupanga magari kwa aina, malori ya zamani meza moja. Alipoyaona mawili mekundu ya aina moja, alifurahi kwa kutojua. "Ndugu kweli hamjifichi," alisema. "Lori moja, mikono miwili." Akayaweka ubavu kwa ubavu, lile linalong'aa na lile lililobondeka, akaenda kufungua milango.

Kaka alifika na mkewe na mama. Alimketisha mama kwanza, kisha akageuka kutazama. Alilitazama lile bovu kuanzia nyuma, akaja mbele, akatabasamu kwa dharau. Akasema na mkewe, ingawa dada mtu alikuwa amesimama mbele yake, mahali mkono unapofika. "Mwambie kubonda ni kazi ya mtu yeyote mwenye nyundo."

Wifi alifungua mdomo. Dada alimtangulia, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitatu. "Angalia ndani, kaka."

Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama chumba cha dereva chenye ukubwa wa kiberiti. Alipoinuka, masikio yalikuwa yamemwiva.

"Litoe."

"Nini?"

"Unajua. Litoe hilo, sasa hivi, kabla sijalivunja lote."

"Livunje. Nina kalibu zake zote. Nitaliunda lingine, na lingine, mpaka vidole vyangu vikome."

Mwalimu alisogea, akasimama kati yao na meza, mikono imefunguka kama golikipa. Mama akagonga fimbo sakafuni.

"Atoe nini?"

Bibi akainuka mwenyewe, akamsukuma Mwalimu kwa kiwiko, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, akachungulia. "Kitambaa," alisema. "Kuna kitambaa kwenye kiti."

"Ni gunia, mama," alisema dada. "La kusogeza mgongo mbele. La mtu mfupi."

Mama hakuwa amesahau kitu. Miaka sabini na sita haikumfanya mjinga. Alimtazama mwanawe wa kiume kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama anayempima shati, na mwanawe akaangalia sakafu. Bibi alivua miwani. Kila mtu alidhani fimbo itamfikia kaka. Lakini alimgeukia binti.

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alinikataza."

"Tulipomzika ulikuwa na miaka mingapi?"

Dada aliligeukia lori lake.

"Nakuuliza wewe, wewe hodari wa kusema. Ulikuwa na miaka thelathini na sita. Ulikuwa na mdomo, na mdomo huo tunaujua mtaa mzima. Miaka ishirini na mitatu yule mtu alikula peke yake stoo, nami nikampelekea sahani kwa mguu, naisukuma kwa mguu, na wewe unaniangalia. Huyu," akamwonyesha kaka kwa fimbo bila kumtazama, "huyu alikuwa anaogopa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

"Mama, baba alisema..."

"Baba yako alikufa. Amekufa miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unaliweka kiporo, uje umpige nalo kaka yako siku utakayopenda. Haya, umempiga. Na mimi je?"

Hakukaa. Alimwomba Mwalimu amtafutie usafiri, na si wa kwenda nyumbani. Alikwenda kwa mdogo wake, mama yao mdogo, na kesho yake akamtuma mtu kuchukua nguo zake na godoro. Aliyetumwa alipewa maneno ya kusema katika milango yote miwili: mtu asimfuate.

Siku ya tatu kaka alibisha mlango wa dada. Hakuwahi kuubisha tangu ukuta ule ulipojengwa. Alisimama nje, hakukaribishwa, naye hakuomba kuingia.

"Umefurahi?"

"Sana," alisema dada, ingawa hakuwa amelala vizuri kwa siku zote hizo.

"Unadhani mimi nilipenda? Nilimwambia baba nitakwenda kusema. Mara mbili nilimwambia. Alinishika koo. Akasema nikisema atakuwa amepoteza kazi bure. Basi nikafanya alichotaka."

"Alitaka useme alikuwa yeye. Nani alikuambia umwite mlevi makaburini?"

Kaka alitafuna kitu kisichokuwepo mdomoni. "Kila mtu alikuwa anasema."

"Kila mtu hakukalia kile kiti."

"Na wewe unajiona msafi. Umekuwa ukinitazama kama kinyesi miaka kumi na mitatu, kumbe tumefanya kitu kimoja. Mimi nilisema uongo, wewe umeulinda. Tofauti ni kwamba mimi uongo huo umenisaidia kuishi. Wewe umekusaidia nini?"

Dada alimfungia mlango usoni. Kisha akasimama nyuma ya mlango, mkono bado kwenye komeo, mpaka aliposikia viatu vyake vikizunguka kona ya nyumba. Alikuwa na majibu kama kumi ya kumpa. Yalimjia moja moja jioni ile akikoroga plasta, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

Miezi ikapita. Alikwenda kwa mama mdogo mara tatu, na mara tatu akaambiwa kwenye ua kwamba mama amepumzika, wakati mama mwenyewe anasikika ndani akikohoa na kufungua redio. Kazini alizidi kuwa mkali. Alimrudishia daktari umbo la kinywa lililochukuliwa vibaya, akamwambia mbele ya mgonjwa kwamba hata mpishi wa maandazi angebonyeza vizuri zaidi. Nyumbani lori lilikaa juu ya kabati limefunikwa gazeti. Kaka naye, wifi alisema bila kuulizwa, alikuwa ameyatoa magari yake yote kwenye dirisha.

Halafu siku moja wifi akazunguka nyumba na kuja kusimama mlangoni, akisugua mikono kwenye khanga.

"Kaka yako anasema nati."

"Nati gani?"

"Za matairi. Anasema umeweka sita kila gurudumu. Anasema lile lori lilikuwa na nane. Anasema," wifi alisita, "asiyejua lori asiliseme."

Dada alimtazama kama aliyemtukana. Wifi alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi nimetumwa tu, wifi yangu."

Alishinda siku mbili akijiambia ni uchokozi. Siku ya tatu alichukua ruhusa kazini, akaenda kwenye yadi ya vyuma chakavu nje ya mji, mahali palipokuwa na malori yaliyolala tangu enzi hizo. Mwenye yadi, mtu wa tumbo kubwa na suruali iliyofungwa kwa waya wa umeme, alimwongoza katikati ya mabodi mpaka kwenye lori la aina ile ile, halina vioo, majani yametokea kwenye injini. Alichuchumaa mbele ya gurudumu, akafuta grisi iliyoganda kwa kidole. Akahesabu. Nane. Akaenda gurudumu la nyuma akitumaini. Nane.

Alitukana kimyakimya tusi ambalo hakuwahi kulitumia hata kwa daktari.

"Kwani hili lori lina nini?" aliuliza mwenye yadi. "Wiki iliyopita alikuja mwingine, mfupi hivi, ana rangi kwenye kucha. Naye ana futi ya kupimia."

"Alipima matairi?"

"Matairi aliyaangalia tu. Alipima kiti. Kiti peke yake, nusu siku nzima. Alikaa, akashuka, akakaa tena. Nikamwambia bwana, kama unataka kununua sema, kama unataka kulala nenda nyumbani."

Dada alilizunguka lori mpaka upande wa dereva. Alifungua mlango wa dereva, ukagoma, akauvuta kwa mikono miwili. Kiti kilikuwa chuma na springi tu. Aliketi. Naye alikuwa mrefu, alichukua kimo cha baba, na mguu wake ulifika kwenye klachi bila shida. Alikaa pale kidogo. Kisha akashuka, akamshukuru yule bwana kwa ufupi, akaenda nyumbani kung'oa magurudumu. Yalikuwa yamegandishwa vizuri, ikabidi ayakate. Alitoboa upya matundu nane kwa kila moja kwa keekee ya meno, na kila tundu alilitoboa kwa hasira, kwa sababu alikuwa amekosea na aliyemsahihisha ni yule.

Maonyesho ya mwaka uliofuata Mwalimu alileta utaratibu mpya: kila gari na kikaratasi chake mbele, kueleza ni gari gani na limeundwaje. Alisita sana kabla ya kuyaweka malori mawili mahali popote. Mwisho aliyaweka meza mbili zinazotazamana, njia katikati.

Dada alifika mapema. Lori la kaka lilikuwa tayari pale. Lilikuwa lile lile, lakini halikung'aa tena. Alikuwa ameikwangua rangi yake yote ya koti tano, akaipaka upya nyekundu iliyofifia, kavu, yenye mikwaruzo, kazi nzuri kwa kweli, na ilimuuma kukiri hivyo. Hakulibonda. Lilikuwa zima, lori la mchana ule, kabla ya ajali. Mlango wa dereva ulikuwa wazi na ndani, nyuma ya kiti, kulikuwa na gunia. Alilipima kwa macho. Limekunjwa mara nne, upana sawasawa.

Kikaratasi kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika namba za magari:

"Lori hili aliliendesha baba yangu miaka tisa bila ajali. Aliyeligonga ni mimi. Hakuwa mlevi. Aliyeona na kunyamaza yuko meza ya pili."

Alikisoma mara mbili. Damu ilimpanda. Mwalimu alikuwa nyuma yake, miwani mkononi, hajui akae wapi.

"Dada, ule mstari wa mwisho naweza kuukunja ukaingia chini. Hautaonekana. Wewe sema tu."

Alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa koti. Alikuwa pia na kikaratasi chake, alichoandika usiku mmoja wa hasira, chenye maneno makali sawasawa na hayo, na jina la gereji ya kaka ndani yake. Alikitoa, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Kiache," alisema. "Si uongo."

Kisha akaomba kikaratasi kipya. Aliandika kwamba ni lori la tani saba, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, bati, shaba na plasta, na kwamba nati za magurudumu zimesahihishwa. Hakuandika nani kazisahihisha. Kaka alipoingia, alikwenda moja kwa moja kukisoma, akasoma mpaka mwisho, akakohoa, akaenda kusimama nyuma ya meza yake. Siku nzima walisimama hivyo, wanatazamana kupitia vichwa vya watu, na wageni waliosoma karatasi zote mbili walishusha sauti na kupita upesi. Wawili hao hawakusemeshana. Ukuta bado upo mpaka leo, na wifi bado anazunguka nje.

Mama hakuja. Mwalimu alimpelekea habari mwenyewe, kwa vile yeye hakukatazwa kufuata. Alisema alimkuta akichambua mchele uani. Alimweleza yaliyoandikwa, neno kwa neno, maana alikuwa mtu wa hisabati na hakujua kupunguza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Na yule mwingine kaandika nini?" aliuliza.

"Habari za nati," alisema Mwalimu.

Bibi aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa mbali kwa kuku. "Waambie wote wawili, mwezi ujao ni siku ya marehemu. Nitakwenda kusafisha kaburi. Atakayetaka kuja aje na jembe lake, na aje amefunga mdomo."

Walikwenda. Kila mmoja alikuja kwa njia yake, na jembe lake. Mama alikuwa ametangulia, ameshang'oa magugu ya upande wa kichwani. Hakuwasalimia. Aliwaonyesha kwa fimbo, kaka kulia, dada kushoto, nao wakalima mpaka wakakutana miguuni pa baba yao, ambako kaka alisogeza jembe lake kando, dada akasogeza lake, na sehemu ile ya katikati, upana wa shubiri moja, ikabaki haijalimwa na mtu mpaka mama aliponyoosha mkono akaimaliza mwenyewe.